Saa 12 jioni ikatoka saa 12 asubuhi: mimi, kroni na mama wa dagaa

Siku ya kwanza mfumo wangu wa kutuma meseji za ukumbusho unaanza kazi nililala mapema kabisa, najiona fundi. Asubuhi saa 12 na dakika zake simu inaita, ni mama mmoja mwenye mitumbwi miwili, anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, na hata salamu hakungoja. "Mwanangu, meseji yako inasema nihakikishe betri za taa zimejaa chaji na mafuta ya injini yamepimwa kabla vijana hawajaingia ziwani. Vijana gani? Wamesharudi, mi hapa naanika."

Nikamwambia samahani mama nakuja kuangalia. Nikafungua laptopu nikiwa bado kwenye shuka, na huko kwenye logi kila kitu kiko kijani, imetumwa, imepokelewa, hakuna eror hata moja, yani programu ilikuwa na uhakika kabisa kwamba imefanya alichoambiwa. Mama aliniambia kila siku saa 12 jioni. Programu ikatuma saa 12 asubuhi. Na ilichofanya kilikuwa sahihi kwa hesabu niliyompa mimi mwenyewe.

Nieleze kidogo hiyo hesabu, maana wengi tunaoandika kodi (sio ya TRA) tumezoea kuandika 18:00 bila kufikiri tumetokaje kwenye saa 12 kufika 18. Mfumo wangu unapokea sentensi ya kawaida, "kila siku saa 12 jioni", "kila jumatatu saa 1 asubuhi", halafu unaigeuza kuwa mstari wa kroni (cron, programu ya Linux inayoamsha kazi kwa ratiba), ule wa namba tano ambao kila mtu wa Linux ameuona: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. `0 18 * * *` ni kila siku saa 18 na dakika sifuri, nyota maana yake yoyote. Kwenye saa zetu kuna nusu mbili, nusu ya mchana inayoanzia 12 asubuhi na nusu ya usiku inayoanzia 12 jioni, kwa hiyo hesabu ni nyepesi mno: chukua saa, gawa kwa 12, baki ndo unalitaka, kama ni mchana jumlisha 6, kama ni usiku jumlisha 18 na ikifika 24 au zaidi utoe 24. Saa 3 asubuhi, 3 na 6, tisa. Saa 6 usiku, 6 na 18 ni 24, toa 24 inabaki sifuri. Saa 11 alfajiri, 29 toa 24, tano. Nilivyoiona imekaa mistari miwili nikaipiga skrinishoti nikaiweka status.

Sasa shida iko kwenye neno jioni. Mi niliandika asubuhi, mchana na jioni zote ni nusu ya mchana, usiku na alfajiri ni nusu ya usiku. Saa 10 jioni sawa, 16. Saa 11 jioni sawa, 17. Saa 12 jioni: baki ni sifuri, jumlisha 6, sita. Alfajiri hiyo! Kumbe jioni imekaa juu ya mpaka, mguu mmoja huku mwingine kule, saa 10 na 11 ziko mchana, saa 12 tayari imevuka, na kuna watu wanasema saa 1 jioni kabisa na wako sahihi maana huku Mwanza jua linazama saa moja kasoro hivi, saa 12 jioni bado unaona watoto wanacheza mpira kwa mwanga wa kutosha. Alfajiri nayo hivyohivyo upande wa pili, saa 10 na 11 alfajiri ni usiku, lakini mtu akikwambia saa 12 alfajiri ameshaingia mchana. Nilirekebisha kwa mistari mitatu ya "kama ni jioni na saa ni 12 au 1", haipendezi kuangalia, lakini ndo lugha ilivyo na mi sio wa kuibadilisha.

Nilipompigia mama kumwambia imeshapona akaniuliza swali moja tu, kwani hiyo mashine imesomea wapi.

Baada ya hapo nikaanza kuogopa kila neno. Siku za wiki kwa mfano. Kroni anahesabu Jumapili ni 0, Jumatatu 1, mpaka Jumamosi 6, na 7 pia anakubali kuwa ni Jumapili. Sisi wiki yetu inaanza Jumamosi, mosi, ipo kwenye jina. Kwa hiyo Jumatatu ina tatu lakini kwa kroni ni 1, Jumanne ni 2, Jumatano ni 3, unaona mchezo? Unatoa mbili. Jumapili pili toa mbili sifuri, inakubali. Jumamosi moja toa mbili ni hasi moja, ukizungusha kwenye saba unapata 6, inakubali pia. Nilifurahi kama nimegundua dawa, mpaka nikakumbuka Alhamisi na Ijumaa hazina namba ya Kiswahili, na Alhamisi ukiichimba ni tano ya Kiarabu, ile ya kuanzia Jumapili, yani tuna tano mbili zimefuatana, Jumatano halafu Alhamisi, na hakuna mtu anayeshangaa. Nikaacha ujanja nikaandika jedwali la majina saba. Na vizuri nilifanya hivyo, kwa sababu kuna kifaa kingine kinaitwa Quartz, watu wa Java wanakijua, chenyewe kinaanza na sekunde mbele halafu Jumapili yake ni 1, kwa hiyo 3 kwa kroni ni Jumatano na 3 kwa Quartz ni Jumanne. Ukihamisha mstari kutoka huku kwenda kule bila kuangalia, unatuma siku moja kabla na hakuna atakayekwambia.

Usiku ndo ulinitoa jasho. Mtu anasema "jumatano saa 8 usiku". Kroni akiona siku 3 saa 2 anaelewa ule usiku wa kuamkia Jumatano, kwa sababu kwake siku inageuka saa 6 usiku. Mtu aliyesema, mara nyingi, anamaanisha Jumatano akishakula akalala, yani kwa kroni ni Alhamisi tayari. Na ukimkuta mzee wa zamani anayehesabu siku toka magharibi, usiku wa Jumatano ni ule unaotangulia mchana wa Jumatano, kwa hiyo huyo kakubaliana na kroni bila kujua. Hapa hakuna fomula. Nilichofanya, saa yoyote kati ya 6 na 11 usiku ikija na jina la siku, programu inakataa na kuuliza: usiku wa kuamkia siku gani? Watu wanajibu vizuri tu. Tuna maneno hayo tangu enzi, ni sisi tunaoandika programu ndo tunajifanya hatuyajui.

Haya, hayo ni ya lugha. Sasa kroni mwenyewe.

Kroni ni wa zamani, alikuwepo kwenye Unix toleo la 7 la mwaka 1979, na huyu tunayemtumia wengi ametokana na kazi ya Paul Vixie ya mwaka 1987. Ukitaka kumwelewa, mwelewe hivi: ni mlinzi anayeamka kila dakika, anaangalia saa ya ukutani, anaangalia orodha yake, kama vinafanana anafanya, kama havifanani analala. Basi. Hakumbuki jana alifanya nini. Hajui mara ya mwisho ilikuwa lini. Hana kumbukumbu hata ya dakika moja iliyopita. Mi nilikuwa nimemtumia miaka na sikuwa nimelifikiria hilo mpaka mchezo wa kina mama uliponiumbua.

Yule mama wa dagaa alinileta kwenye mchezo wao, wako kumi na kitu pale Mwaloni, wanachangishana kila siku ya tano, anapokea mmoja. Akasema weka ukumbusho kila siku tano saa 1 asubuhi. Nikaandika `0 7 */5 * *`, nyota mkwaju tano, kila baada ya tano, si ndo hivyo? Ilienda vizuri, tarehe 1, tarehe 6, 11, 16, 21, 26. Mwezi ulikuwa wa siku 31. Tarehe 31 ikatuma, wakachanga. Kesho yake tarehe 1 ikatuma tena.

Nilikuta meseji za sauti saba kwenye WhatsApp. Mmoja anasema jana nimetoa leo tena, huyu kijana anatafuta nini? Mwingine, aliyekuwa anasubiri zamu yake, anasema kama mashine imesema basi tuchange. Mwenye mchezo akanipigia, mi nikaanza na salamu ya Kisukuma, "mwangaluka mayu", ili kupoza, akacheka kidogo, halafu akasema njoo utuelezee mwenyewe.

Nikaenda. Nimesimama kati ya magunia, harufu ya dagaa imejaa, namweleza mtu kwamba nyota mkwaju tano haimaanishi kila baada ya siku tano, inamaanisha tarehe zinazopatikana ukianzia 1 ukaruka tanotano mpaka 31, na mwezi mpya ukiingia anaanza upya toka 1 kwa sababu hakumbuki kwamba jana alishatuma. Yule mama akaniangalia akasema, "Kwa hiyo hahesabu. Anasoma tu kalenda." Aisee! Nimesoma maelezo mengi ya kroni, hakuna aliyenifupishia vile.

Ndo hivyohivyo hata kwenye dakika. Ukiandika `*/7` unapata 0, 7, 14 mpaka 56, halafu saa mpya inaingia anarudi 0, kwa hiyo pengo la mwisho ni dakika nne. `*/45` ni mbaya zaidi, dakika 0 na dakika 45, pengo la 45 halafu la 15, halafu mtu anakaa anajiuliza mbona seva inapumua vibaya. Namba zinazogawa 60 bila baki zinakudanganya kwamba umeelewa: 5, 10, 15, 20, 30. Tarehe ndo hakuna namba inayokuokoa maana mwezi wenyewe haukai sawa.

Dawa niliyoitumia, na mpaka leo ndo naitumia kwa kila kitu chenye "kila baada ya": kroni aamke kila siku, `0 7 * * *`, halafu programu yenyewe ihesabu siku toka mchezo ulipoanza, igawe kwa tano, baki ikiwa sifuri itume. Kumbukumbu inakaa kwangu, yeye kazi yake kuamsha tu. Kila wiki mbili hivyohivyo, kroni hana wiki mbili, hajui wiki iliyopita ilikuwa zamu au siyo.

Kuna moja bado inaniuma nikiikumbuka, ya Jumatano ya kwanza. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, zinaanza kutumika saa 6 na dakika moja usiku, na watu wenye injini za mitumbwi na wa bodaboda walitaka meseji saa 12 asubuhi siku hiyo wajue wapange vipi. Jumatano ya kwanza lazima iwe kati ya tarehe 1 na 7, hilo halina ubishi, kwa hiyo nikaandika `0 6 1-7 * 3`, tarehe 1 mpaka 7, siku ya Jumatano. Nimesoma mstari huo mara tatu naona uko sawa. Tarehe 1 ikatuma, ilikuwa Jumamosi. Tarehe 2 ikatuma. Tarehe 3.

Kroni ana kanuni yake hapa, na imeandikwa wazi kwenye maelezo yake, ni sisi hatusomi. Ukijaza tarehe na siku ya wiki zote mbili, haziungani kwa "na", zinaungana kwa "au". Dakika na saa na mwezi ni "na", lakini tarehe na siku ya wiki ni "au". Kwa hiyo nilikuwa nimesema tarehe 1 mpaka 7 zote, au Jumatano yoyote. Piga hesabu, siku saba za mwanzo, ongeza Jumatano zilizobaki tatu au nne, mara 10 au 11 kwa mwezi badala ya moja. Na ukiacha moja iwe nyota basi inaangaliwa ile nyingine tu, ambayo inaeleweka, na ndo maana watu wengi hawagundui kabisa. Halafu kwenye kroni ya Vixie kuna kichekesho cha ndani zaidi, sehemu ya tarehe ikianza na alama ya nyota, hata kama ni `*/2`, inahesabika kama nyota, na hapo ile "au" inageuka kuwa "na". Yani mstari mmoja unabadili maana kwa sababu ya herufi ya kwanza. Mi naona hilo lilikuwa kosa la usanifu lililozeeka mpaka likawa mila, mtu mwingine atatetea, atetee.

Njia ya kutoka ni ileile, tarehe ziachie kroni, siku iangalie programu: `0 6 1-7 * * test $(date +\%u) -eq 3 && ./tuma.sh`, na angalia ule mkwaju wa nyuma kabla ya asilimia, ukiusahau kroni anageuza asilimia kuwa mstari mpya na unapoteza asubuhi nzima. Mwisho wa mwezi nao, unaamsha tarehe 28 mpaka 31 halafu unauliza kesho ni tarehe 1? Quartz wana `4#1` kwa Jumatano ya kwanza na `L` kwa siku ya mwisho. Na kwenye kalenda za simu kuna utaratibu wa RRULE, upo kwenye RFC 5545, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2009, pale unaandika `FREQ=MONTHLY;BYDAY=1WE` na imeisha, kwa sababu yule ana tarehe ya kuanzia, ana kumbukumbu. "Kila siku tano" kwake ni kila siku tano kweli.

Mpaka hapo nilikuwa natumia kroni wa kwenye mashine. Ila wateja walipoongezeka nikataka programu yenyewe ijue mara ijayo ni lini, ili mtu akiuliza ijibu, kwa hiyo nikaandika kichambuzi changu. Ningeweza kuchukua laibrari, zipo nyingi, ila nilikuwa nimeshikwa na hasira ya kutaka kujua.

Kuchambua mstari ni rahisi kuliko inavyotisha. Vunja kwa nafasi upate sehemu tano, kila sehemu vunja kwa mkato, kila kipande angalia kama kina mkwaju wa hatua, halafu angalia kama kina kistari cha masafa, kilichobaki ni namba au nyota au jina. Kila sehemu unaibana kuwa biti, yani alama za ndiyo au hapana, dakika 60 zinaingia kwenye namba moja ya biti 64 na nafasi inabaki. Kilichonipata hapo ni masafa yanayovuka usiku, mtu anataka kila saa toka saa 4 usiku mpaka saa 8 usiku, ukiandika 22-2 kroni wengi wanakataa, inabidi uandike 22,23,0,1,2. Mi yangu nikaifanya izunguke yenyewe, kwa wavuvi usiku ndo siku ya kazi, haiwezekani programu ya Mwanza ikaona saa 6 usiku kama ukuta.

Kutafuta mara ijayo ndo kuna utamu. Mara ya kwanza nilifanya kivivu, ongeza dakika moja, linganisha, ongeza dakika moja, linganisha. Mwaka una dakika 525,600, kompyuta haioni shida, inajibu kabla hujatoa mkono kwenye kibodi. Ila mtu akiandika tarehe 29 Februari unaweza kutembea dakika milioni mbili na zaidi. Mi kwa kujaribu nikaandika tarehe 30 Februari, `0 6 30 2 *`, nikaenda kununua chapati, nimerudi feni ya laptopu inalia kama jenereta la harusini na betri imebaki asilimia 11. Siku hiyo haipo, kwa hiyo inatafuta milele. Lazima uweke kikomo, na kikomo chenyewe usiweke miaka minne ukadhani umemaliza, mwaka 2100 hauna Februari 29, toka 2096 mpaka 2104 ni miaka minane. Nimeweka minane, ikifika hapo haijapata inasema siku hii haipo.

Njia yenye akili ni kuruka. Mtu anayetafuta nyumba Mabatini haanzi kugonga mlango mmoja mmoja toka Buhongwa. Unaangalia mwezi kwanza, kama haumo kwenye orodha ruka mwezi mzima, halafu siku, halafu saa, halafu dakika, na kila ukiruka cha juu vya chini vyote unavirudisha mwanzo. Hilo la kurudisha mwanzo ndo nililikosea. Nilikuwa nimesimama tarehe 31 Machi, programu inataka mwezi wa nne, nikabadili mwezi kwanza kabla ya kurudisha tarehe kuwa 1, ikawa tarehe 31 Aprili, ambayo haipo, laibrari ya tarehe badala ya kulalamika ikajisogeza kimyakimya mpaka tarehe 1 Mei. Aprili nzima imerukwa! Niliigundua kwa bahati tu kwa sababu nilikuwa najaribu mwisho wa Machi, ningejaribu tarehe 12 ingepita.

Na kitu kingine kidogo ila kinauma, mara ijayo lazima iwe baada ya sasa, isiwe sawa na sasa. Ikiwa ni saa 12:00 kamili asubuhi na programu ikauliza ijayo lini ikajibiwa saa 12:00 kamili, itatuma, itauliza tena, itatuma, na mtu anapokea meseji 40 kwa dakika na bando la SMS linakwisha. Futa sekunde, ongeza dakika moja, halafu ndo uanze kutafuta.

Mambo ya seva nitayapitisha haraka. Mwanzo ilikuwa laptopu yangu sebuleni, umeme ukikatika saa 11 jioni ukarudi saa 3 usiku kroni hajui kama kuna kitu amekikosa, si nimesema hana kumbukumbu. Kuna anacron, na taima za systemd zina `Persistent=true` ya kufidia kilichopitwa, ila fikiria kwanza, ukumbusho wa kuchaji betri ukija saa 3 usiku watu wako katikati ya ziwa ni kejeli. Yangu ikichelewa zaidi ya nusu saa inaacha. Baadae nikakodi seva ya nje, saa yake ya Ulaya, nikapiga hesabu kwamba saa 10 alfajiri ya kule ni saa 12 asubuhi huku, ikakaa vizuri mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi wale wakasogeza saa zao mbele, asubuhi hiyohiyo meseji zote zikaja saa 11 alfajiri. Sisi saa yetu haisogei, UTC (saa ya dunia) jumlisha tatu mwaka mzima, kwa hiyo weka seva kwenye UTC, kwenye programu andika taimuzoni ni Africa/Dar_es_Salaam, usipige hesabu kichwani.

Sasa mwezi. Yule mama, baada ya yote hayo, siku moja akaniambia, "Mbona unanitumia za kuchaji betri na hatuvui?" Nikasahau kabisa jamani. Dagaa wanavuliwa kwa taa, zamani karabai sasa hivi taa za betri na sola, na taa inafanya kazi kukiwa na giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa mbalamwezi inaangaza ziwa zima, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa. Ratiba ya Mwaloni yote inatembea hivyo, watu wanasema giza hili, giza lijalo, mkopo unalipwa giza likiisha. Hakuna sehemu ya giza kwenye kroni. Zile tano ni za kalenda ya ukutani, na mwezi wa angani ni siku 29.53 kwa wastani, haukai tarehe moja hata ukimbembeleza.

Lakini nilikuwa nimeshapata somo la kina mama, anasoma kalenda hahesabu, kwa hiyo mimi nihesabu. Mwezi ulikuwa mpya tarehe 6 Januari 2000 saa 18:14 UTC, toka hapo chukua siku zilizopita, gawa kwa 29.53059, baki ndo umri wa mwezi. Inakosea masaa kadhaa maana mwezi halisi hauendi kwa wastani, kwa kuchaji betri inatosha kabisa. Umri ukiwa karibu na 14 na nusu, kimya. Nilimuuliza mama wanapumzika siku ngapi, akasema inategemea na mawingu na njaa.

Sasa hivi mtu akinitumia sentensi, programu haikubali kwanza, inamrudishia mara tano zijazo kwa Kiswahili chake: itatuma Jumanne tarehe 4 saa 12 jioni, Jumatano tarehe 5 saa 12 jioni, hivyo hivyo. Makosa mengi niliyoyasimulia hapo juu yangeonekana kwenye orodha ya aina hiyo kabla hayajatuma meseji hata moja, 31 na 1 zimefuatana, tarehe 1, 2, 3 mfululizo badala ya Jumatano moja, asubuhi badala ya jioni. Juzi nimemtumia yule mama ya kwake mpya, nikamwambia mama angalia kama ni zenyewe. Akakaa kimya muda, nikajua kuna bagi tena. Halafu akajibu kwa sauti, upepo wa ziwa unapiga kwenye simu: "Ziko sawa. Ila hiyo ya tatu itoe, siku hiyo naenda Ukerewe kwenye msiba wa arobaini."

Kwenye kalenda zenye RRULE hiyo inaitwa `EXDATE`. Kwenye yangu haikuwepo. Nimeiongeza usiku huohuo, usiku wa kuamkia Ijumaa.